Kipandio cha Kumi na Moja

Royston Haslam alikwama kwenye kipandio cha kumi na moja. Alivihesabu kwa sababu hakuthubutu kutazama kitu kingine. Ngazi ilikuwa ya chuma, imefungwa nje nyuma ya jengo, na kila kipandio kilikuwa na matundu, hata ukitazama kiatu chako unaona mapipa ya taka na lami iliyolowa mvua.

Huyu alikuwa mpanda dohani, fundi wa yale mabomba marefu ya moshi. Miaka ishirini na miwili alizipanda dohani za viwanda vya pamba vya miji ya Oldham na Rochdale, akaziba nyufa zake, akakaa juu kabisa akila mkate wake huku miguu ikining'inia. Leo ameshika chuma kwa mikono miwili, kwa kimo ambacho paka angeruka bila kufikiri.

Juu yake kulikuwa na mlango wa kijani wenye kibao: Mfuko wa Msaada wa Wapanda Dohani. Alipewa miadi ya saa tisa, na saa tisa ilikuwa imeshapita.

Hofu hii ilimwingia mwezi wa Aprili, asubuhi ya kawaida tu. Hakuna aliyeanguka, hakuna kamba iliyokatika. Alikuwa akikaza waya wa kukinga radi, mara akahisi ardhi inamwita. Tangu siku hiyo alipanda akiwa amefumba macho nusu, wala hakumwambia mtu. Katika kazi yao neno "naogopa" halisemwi, hata baani, hata mtu akiwa amelewa. Ukilisema, nani atashika kamba yako tena?

Halafu ikaja jana. Keith, kaka wa mkewe Janine, alikuwa amening'inia kwenye kiti cha ubao ubavuni mwa dohani, kamba yake ikiwa mikononi mwa Royston aliyesimama ngazini juu yake. Keith akavuta mara mbili. Maana yake ni nipandishe. Royston hakupandisha. Alikuwa amezungusha kamba kwenye ngazi, kisha akaikumbatia ngazi yenyewe, akafumba macho kama mtoto. Dakika nne nzima. Baadaye akadanganya kwamba kamba ilinasa kwenye msumari.

Na Jumatatu walikuwa na dohani ya mita sabini, wao wawili.

Mlango wa kijani ukafunguka. Akatoka Noreen Ogden, katibu wa mfuko, mama wa miaka sitini na kitu aliyevaa sweta la zambarau.

"Wewe ndiye Royston?"

"Ndiyo, mama."

"Unapanda au unashuka? Maana hapo ulipo sioni unaelekea wapi."

"Napumzika kidogo. Kamba ya kiatu imelegea."

Noreen akavitazama viatu vyake. Havikuwa na kamba.

Akashuka taratibu, akiguna kwa ajili ya magoti, akaketi kipandio cha juu yake.

"Kaa na wewe."

"Siwezi."

"Basi simama, mimi nimeshakaa. Wakubwa wetu hawa, Mungu awape akili! Walipata chumba cha bure huku juu wakakidaka. Mwenye mguu uliovunjika apande ngazi, mwenye plasta mgongoni apande ngazi. Wewe umeumia wapi?"

Royston alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Hili ndilo lililomtesa tangu alipopiga simu kuomba miadi. Mfuko ule uliwasaidia wajane na waliovunjika. Yeye angeonyesha nini?

"Sijaumia popote," alisema. "Mifupa yangu yote mizima. Naogopa kupanda, mama."

Hata Janine alikuwa hajaambiwa neno hilo. Alilisema akitazama chuma, akangoja afukuzwe.

"Jumatatu unakwenda kazini?"

"Nakwenda."

"Unapanda na nani?"

"Na Keith. Shemeji yangu."

"Anajua?"

Royston akatikisa kichwa. Uso wa Noreen ukabadilika.

"Sikiliza, mwanangu. Mfuko utakulipa kwa miezi mitatu, na daktari tutamlipa sisi. Naandika leo leo, wala sihitaji kuona mfupa. Lakini huyo Keith lazima aambiwe, na wa kumwambia si mimi."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho utasema Jumapili. Jumapili utasema kamba ya kiatu."

Kutoa mkono mmoja kwenye chuma ndiko kulikokuwa kugumu. Vidole vilikataa, akavibandua kimoja kimoja, mpaka akaifikia simu mfukoni.

"Shemeji!" Keith alipokea kwa kelele, redio ikiimba nyuma yake. "Kama unataka kukopa gari langu, jibu ni hapana."

"Keith, jana kamba haikunasa."

"Nini?"

"Ulipovuta, nilikuwa nimekumbatia ngazi. Nilishindwa kukupandisha. Naogopa kupanda. Tangu Aprili."

Redio ikazimwa.

"Tangu Aprili," Keith alisema polepole. "Nimening'inia mikononi mwako tangu Aprili. Nina watoto wawili, Royston!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungefunga mdomo miezi yote hiyo? Mshenzi mkubwa wewe!"

"Jumatatu usipande na mimi."

"Kwani ulidhani ningepanda?"

Simu ikakatika.

Royston alifikiri kwamba akishasema angepata nafuu. Hakupata. Ila lile wazo lililomwamsha kila alfajiri, la Keith akianguka huku yeye amefumba macho, lilikuwa limeondoka. Hofu iliyobaki ilikuwa yake peke yake.

"Fomu nitakuletea chini," Noreen alisema.

Akampita kwa kujibana, akatangulia kushuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye chuma.

"Nitazame mimi usoni. Hayo matundu yaache."

Royston akageuka taratibu, wakashuka kimoja. Wakashuka cha pili. Simu ikaanza kulia. Hakuhitaji kuitazama. Keith alikuwa ameshampigia dada yake.

"Ni mke wangu," alisema.

"Atakungoja. Leta mguu wa kushoto."

Simu iliendelea kulia. Royston akateremsha mguu wa kushoto.