Njia ya Kwenda kwa Asekon

Kila Jumamosi, kabla jua halijauchoma mchanga wa Lodwar, Ekuru alishuka mtoni Turkwel kukata majani ya mikoma. Alichagua machanga, yale ambayo hayajafunguka, akayafunga mgongoni kwa kamba. Kisha alijaza maji kwenye jerikeni ya njano, akavaa akala zake za tairi, akachukua kigoda chake na kushika njia ya magharibi, kwenye makorongo. Siku nyingine za wiki alikuwa mlinzi wa bohari ya mahindi. Jumamosi alikwenda kumwona mkewe, Asekon, aliyefariki mwaka ule wa kipindupindu, na ambaye tangu hapo aliishi katika korongo la Natome akisuka vikapu. Kule ndani hakuna mikoma, kwa hiyo ilibidi apelekewe.

Majirani walijua. Walimpa Ekuru salamu za kumfikishia. Mama mmoja wa kanisani aliwahi hata kumwagiza Asekon kikapu chenye mfuniko, akakipata, na siku hiyo hiyo akalalamika kwamba mfuniko umelegea.

Makorongo yale yote yana kuta nyekundu na yanafanana. Mtu akiingia kwa kubahatisha, hutokea palepale alipoingilia, ana kiu na hasira. Njia ya Natome Ekuru aliipata usingizini. Usiku wa Ijumaa alilaza kichwa kwenye ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukifanya mto usiku, na asubuhi alijua mwamba upi wa kuzunguka na ufa upi wa kupenya. Alikichonga mwenyewe wakati wa kuposa. Ubavuni kilikuwa na mkwaruzo wa kisu, kumbukumbu ya siku Asekon alipokasirika kwa sababu ya mbuzi aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Adhuhuri walikaa kivulini wakapiga soga, na jioni Ekuru akawa amerudi Lodwar, kwa kuwa Natome haikubali mtu aliye hai alale.

Mtu pekee aliyewahi kufuatana naye ni Ekal. Walikuwa chanda na pete tangu walipokuwa wakichunga pamoja. Ekal ndiye aliyeshika upande wa mbele wa jeneza la Asekon, na ndiye aliyekula kwa Ekuru jioni nyingi bila kualikwa, maana nani hualika mtu wa nyumbani?

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na sita, walipokuwa wakirudi, jua lilikuwa kali wakajilaza chini ya mwamba. Ekal alipapasa begani akasema amesahau kigoda chake. Ekuru akampa chake. Mwanamume wa kule hamwazimi mtu ekicholong, na Ekuru alilijua hilo vizuri. Lakini Ekal si mtu, alijiambia, Ekal ni mimi. Akalalia mkono wake mwenyewe. Alipoamka, Ekal alimrudishia kigoda kwa mikono miwili na kumshukuru sana.

Ijumaa iliyofuata Ekuru hakuota chochote. Asubuhi alikwenda hivyo hivyo, akaingia korongo la kwanza, akatokea alipoingilia. Jumamosi ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Majani yalimkaukia mgongoni. Alidhani Asekon amemkasirikia, akapekua kila neno alilomwambia siku ya mwisho asilione kosa. Alimwazia amekaa mikono mitupu, anatazama upande wa njia, akaketi mchangani akalia kwa sauti. Halafu akaona huu ni wakati wa kumtafuta rafiki.

Ekal alikuwa amepata kazi Kakuma, hakuna aliyejua ya nini. Ekuru alidandia lori la mahindi, akashuka kwenye vibanda vya kambi ya wakimbizi, na kwa kuwa koo lilikuwa kavu akaingia kwa Achol, mama wa Kidinka kutoka Bor aliyeuza chai. Achol alimwekea kikombe, akamtazama upande wa kichwa.

"Ya zol, wewe bwana, nani amepaka sikio yako rangi ya kiatu?"

Alimsugua kwa kitambaa chenye maji, kikatoka cheusi. Akakichukua kigoda cha Ekuru, akakinusa, akakiweka mezani.

"Hii kiti ni mpya, mzee. Mti bado inanuka mti. Wamepaka rangi juu tu."

Ekuru aliutazama mkwaruzo. Ulikuwa mahali pake, urefu uleule, lakini umechongwa polepole, na mtu asiye na hasira hata kidogo. Kazi ile si ya siku moja. Kumbe jioni zote zile Ekal alipokuwa akimega ugali wake na kumpa pole za ujane, alikuwa akikipima kigoda kwa macho. Hilo lilimchoma kuliko wizi wenyewe. Chai ilimshinda.

"Ni Ekal tu amewahi kukishika," alisema.

"Ekal ya safari?" Achol alisema. "Kila Jumamosi yeye anapeleka wazungu wa mashirika kutembea kwa makorongo. Wanaenda kuona ile mama amekufa. Jioni wanarudi wanakunywa chai hapa. Wanasema mama ni mzuri, lakini jua ni mingi."

Alimkuta Ekal karibu na Landkruza, na Kariuki, dereva wake, akiweka makreti ya soda. Kigoda cha zamani kilikuwa kinaning'inia begani. Ekal hakukificha.

"Ejok, Ekuru! Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Nipe kitu yangu."

Ekal akampa papo hapo, kwa mikono miwili. Usiku huo, Ijumaa, Ekuru alikilalia. Aliota gari limejaa kofia, wala si njia.

"Si nilijua," Ekal alimwambia asubuhi, kwa upole. "Njia imenizoea. Hata mti ikae kwako, yenyewe iko kwa kichwa yangu. Lakini mimi sikutupi, rafiki. Nataka mtu wa kubeba maji."

Ekuru alitamani kumrarua kwa meno. Kisha akamfikiria Asekon, akauliza jerikeni ziko wapi.

Walishuka garini wakaingia makorongoni kwa mstari: Ekal mbele, wageni katikati wakijipaka mafuta ya jua, Kariuki na kiti cha plastiki kichwani, Ekuru nyuma na maji, na majani ya mikoma mgongoni. Kila kona Ekal alikata bila kusita. Asekon alikuwapo chini ya mwamba wake. Kariuki alimwekea kiti, naye akakikalia. Wageni walimpiga picha, wakamshukuru, wakaenda kivulini kunywa soda. Ekuru ndipo alipomkaribia.

"Ejok, Asekon."

"Ejok." Vidole vyake viliendelea kusuka.

"Nilikuwa nimepotea. Ekal aliniibia njia."

"Ekal ameniambia ulimpa ekicholong yako kwa mkono wako mwenyewe. Ameniambia umenichoka." Aliinua macho. "Ulimpa, hukumpa?"

Ekuru alitaka kumweleza habari za kigoda cha bandia, za rangi ya viatu, za Jumamosi zote alizozunguka peke yake kuta zile. Lakini Asekon alikuwa ameuliza jambo moja, na katika ndoa yao hakuwahi kumdanganya ila kuhusu mbuzi.

"Nilimpa."

"Basi." Asekon aliyatazama majani yaliyokuwa mgongoni mwake. "Weka pale, na yale mengine."

Kando ya mwamba kulikuwa na lundo kubwa la majani mabichi aliyoletewa na Ekal. Ekuru alifungua kamba akayaweka yake juu. Alisimama akitumaini ataambiwa keti. Asekon alianza mzunguko mwingine wa kikapu.

Ekal alipiga makofi kuwaita wageni, akamwambia Ekuru abebe kiti, kwani kikiachwa kule hupasuka kwa jua. Asekon aliinuka ili Ekuru akichukue, kisha akaketi kwenye jiwe lake la siku zote. Jioni walikuwa Kakuma, na wageni walikunywa chai kwa Achol.

Jumamosi iliyofuata Ekuru ndiye aliyefika wa kwanza kwenye gari, na majani yake mgongoni. Kariuki alimwambia ayasukume chini ya kiti cha nyuma, yasiwachome wageni miguu.