Jumamosi Moja ya Kuhe

Prezida Léopold alikuwa na kamba ya kupimia. Tangu Jean-Marie azikwe mwezi wa pili, kila Jumapili baada ya misa mzee huyo alishuka ufukoni na kamba yake, akapima pale mtumbwi wa marehemu ulipolala juu ya mchanga, hatua tisa kwenda juu na hatua tatu za upana, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza na kusema pahali pazuri hivi panakaa bure. Mtumbwi wake mpya ulikuwa kwa seremala kule Kasenga, umebaki kupakwa rangi tu. Laurette, mjane wa Jean-Marie, alikuwa anaiona ile kamba kutoka kwenye meza yake ya samaki wakavu, na kila alipoiona damu ilimchemka.

Maana kila mtumbwi pale una pahali pake, na pahali hapo panatoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Jean-Marie alipapata kwa baba yake, na sasa palikuwa pa Délice, binti yake wa miaka sita. Lakini komite ya wavuvi ina sheria, na prezida wa komite ni nani? Léopold. Sheria inasema hivi: mtumbwi ambao haujashusha kapu zima la samaki kabla mwezi wa tisa haujaisha, pahali pake anapewa mwingine. Si samaki wawili wa mboga, hapana. Kapu lijae mpaka juu.

Mwaka ule, kama kila mwaka siku hizi, ziwa lilifungwa katikati ya mwezi wa tano ili samaki wapumue, na lingefunguliwa katikati ya mwezi wa nane. Kwa hiyo Laurette alikuwa na wiki sita tu. Mtumbwi alikuwa nao. Nyavu, panya walizitafuna zote stoo wakati wa matanga, zikabaki mishipi na ndoano. Wanaume ndio hakuwa nao. Térence, mdogo wa marehemu, na rafiki yake Nduwimana walikuwa wanafanya kazi kwenye chombo kikubwa cha kuvua usiku kwa taa, cha patron mmoja, tajiri ambaye hata siku ya Noeli hacheki.

"Shemeki, nimemubembeleza mpaka nimechoka," Térence alimwambia. "Amekubali siku moja. Jumamosi moja tu. Weye utaichagua. Ukiikosea, minye sina ingine ya kukupatia."

Siku moja! Ufuko mzima ukawa mshauri. Wote walisema jambo moja: Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua ziwa. Samaki wamepumzika miezi mitatu, wamenenepa, wamesahau hata ndoano ikoje. Laurette mwenyewe alikaribia kukubali. Kilichomzuia ni kumbukumbu ndogo iliyomkwaruza moyoni: katika miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kumwona Jean-Marie akienda kutafuta kuhe mwezi wa nane.

Kuhe ndiye samaki aliyempa mume wake jina. Ni samaki mkubwa wa manjano, mnene wa shingo, anawinda mchana kwa macho yake, na anavuliwa kwa mshipi. Wengine wote walipata mmoja mmoja. Jean-Marie, kila mwaka mwezi wa tisa, siku tofauti kila mwaka, aliamka tu, akasema "leo," akarudi na mtumbwi umejaa. Watu walisema ana dawa. Léopold ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Na Laurette, ambaye alilala kitanda kimoja na jibu miaka tisa, hakuliuliza hata mara moja! Jambo hilo lilimuuma kuliko kamba ya Léopold.

Jibu lilimfikia kwa simu, siku tatu kabla ya ziwa kufunguliwa. Mama yake alipiga kutoka Luberizi, nyumbani kwao, kule bonde la Ruzizi ambako Laurette alikulia katikati ya mpunga. Mama alikuwa analalamika. Mgongo unamuuma, miche imechelewa, na tena mwaka huu hakuna mtu anayemjali.

"Bwana yako alikuwa ananipigia kila siku mbili," alisema. "Mwezi wa nane na wa tisa, kila siku mbili! 'Mama, mumemaliza kupandikiza? Na bajirani bamemaliza? Na maji ya mifereji iko namna gani?' Nilikuwa naambia bamama benzangu, muone mukwe mwenye heshima. Sasa nani ananiuliza? Hakuna."

Laurette aliketi chini palepale kwenye mchanga.

"Mama, rudilia. Alikuwa anauliza maji ya mifereji?"

"Maji, ndiyo. Kama iko nyeusi ao iko safi. Minye nilifikiri anapenda mpunga."

Aka! Kupenda mpunga wapi! Jean-Marie alikuwa hawezi kutofautisha mche wa mpunga na majani ya ng'ombe. Laurette alitazama ziwa, upande wa kaskazini ambako mto Ruzizi unaingia, akaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yamelala hadi mbali. Wavuvi walisema kila mwaka kwamba ni upepo unaovuruga chini. Yeye, mtoto wa mpunga, alijua mvurugo ule ni wa nani. Mwezi wa nane, kuanzia Luberizi hadi Sange, watu wanakanyaga matope mashambani kuyatayarisha kwa miche, na maji machafu yanashuka mferejini, yanaingia Ruzizi, Ruzizi inayamwaga ziwani. Wakimaliza kupandikiza wanafunga maji shambani, tope linatulia, mto unasafika. Unabaki safi hadi mvua za kwanza zishuke milimani, basi. Siku chache tu katikati. Na samaki anayewinda kwa macho atakuja lini karibu na mdomo wa mto, kama si siku hizo?

"Unalia?" mama yake aliuliza.

"Hapana, Mama. Niko nacheka," alisema Laurette, na kweli alikuwa anafanya yote mawili.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Laurette akakataa kutoka. Jamani, walivyomcheka! Léopold alisimama juu ya mchanga na kuuliza mbele ya kila mtu, "Tangu lini mutu wa mpunga anajua samaki? Mama Délice, hii si shamba. Huku hatungojei kitu kiote." Laurette akaendelea kupanga samaki wake wakavu. Mitumbwi ilitoka, ikarudi na kuhe wanne kwa ufuko mzima, na watu wakalaumu upepo.

Jumamosi ya pili akakataa. Ya tatu vilevile. Kila jioni alimpigia mama yake, na kila jioni mama alisema bado. Mfereji mmoja ulibomoka upande wa juu, mashamba ya jirani yalikuwa bado tope tupu. Mwezi wa tisa ukaingia, ukafika katikati, ukaanza kuisha. Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima nyuma ya mji, na Laurette aliyatazama kwa hofu, maana mvua ikitangulia, kila kitu kimekwisha. Térence alikonda kwa wasiwasi. "Shemeki, imebaki Jumamosi moja," alisema. "Moja! Kama ni kwa sababu ya ndoto fulani, uniambie tu." Laurette alimwambia si ndoto, ni simu, na Térence akaondoka akishika kichwa.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho mama ndiye aliyepiga, tena asubuhi.

"Tumemaliza jana. Sisi na bajirani, bote. Nimesimama ndani ya mfereji hapa, naona vidole vya miguu yangu vyote kumi."

Siku tatu, Laurette alihesabu, za maji hayo kushuka hadi ziwani. Jumamosi.

Asubuhi hiyo alipanda mtumbwini yeye mwenyewe. Ufuko ukapiga kelele, mwanamke ndani ya mtumbwi wa uvuvi! Léopold alikuwepo, amevaa shati safi kama mtu wa harusi, na nyuma yake vijana wanne wakiushusha mtumbwi wake mpya, bluu, rangi bado inanuka. "Musichelewe kurudi," alisema kwa upole mbaya. "Tuko nangoja pahali."

Walipiga kasia kuelekea kaskazini. Saa nzima maji yalikuwa yaleyale ya chai ya maziwa. Nduwimana, ambaye kwa kawaida huimba, hakuimba. Térence alikuwa anamwangalia shemeji yake, anaangalia mawingu, anamwangalia tena. Laurette alishika ukingo wa mtumbwi. Mawazoni alimwona Délice akikua bila hata kipande cha mchanga cha kuita cha baba yake. Je, kama Jean-Marie alikuwa kweli anapenda mpunga tu?

"Mbele kidogo," alisema.

"Shemeki, mbele ni viboko."

"Basi tupite mbali na viboko. Mbele."

Alizamisha mkono wake majini hadi kiwiko. Hakuona kitu. Wakapiga kasia tena, akazamisha tena, akaona kivuli cha kiganja. Mara ya tatu aliviona vidole vyote vitano, na pete ya ndoa ikimulika. Nyuma yao mstari wa maji machafu ulikuwa umekatika kabisa, na mbele maji yalikuwa ya kijani, safi, yakishuka kutoka mtoni.

"Hapa," alisema, akachukua mshipi wake.

Wakaweka ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwa, kwenye ndoano, wakashusha mishipi mitatu. Wakati Nduwimana bado anajifuta mikono, mshipi wa Laurette uliondoka kwa nguvu, ukamkata kidole, nusura umpindue. Alipiga yowe. Térence alimrukia kumshika kiuno, akakumbuka ni shemeji yake, akamshika gauni. "Muache akimbie! Sasa vuta! Muache! Vuta!" Akaacha, akavuta, akalia, akamtukana samaki kwa Kifuliiru cha nyumbani kwao, hadi ubavu wa manjano ulipogeuka juu ya maji, mrefu kama mkono mzima wa Térence.

Kuanzia hapo hakukuwa na nafasi ya kuongea. Mshipi huu ukitulia, ule unakaza. Waliwatoa kuhe wakubwa kumi na wanane, na wa mwisho Nduwimana aliwaweka miguuni kwa kukosa pahali. Alikuwa anaimba sasa, tena kwa sauti mbaya sana. Ngurumo ya kwanza ilisikika milimani wakati wanageuza mtumbwi. Laurette alipiga magoti kati ya samaki na kumshukuru Mungu, na Jean-Marie pia.

Walipokaribia ufuko, Nduwimana alianza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ta-ta-ta, ta-ta-ta, kama mitumbwi ya zamani ilivyofanya ikirudi imejaa. Watu walitoka kwenye meza, kwenye kivuli, hata kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Na pale pahali pa Jean-Marie, mtumbwi wa bluu ulikuwa umekwisha kuingiza pua.

Kapu la komite lililetwa. Likajaa kwa kuhe wanane, mikia miwili ikining'inia nje, na mtumbwini bado kumi. Hakuna aliyehesabu kimya, ufuko wote ulihesabu kwa sauti. Léopold alisimama na kamba yake mkononi.

"Ni bahati," alisema.

"Ndiyo, Prezida. Na bahati iko inaomba njia," alijibu Laurette. "Pua ya mutumbwi yako iko kwetu."

Kicheko kililipuka. Vijana walewale wanne walianza kuurudisha mtumbwi wa bluu, na Laurette, gauni limejaa magamba, aliweka bega lake upande mmoja akasukuma nao kwa furaha, hadi mtumbwi wa mume wake ulipolala tena pahali pake. Délice alirushwa ndani yake na Térence, baba yake mdogo, akaketi kama malkia juu ya mishipi.

Léopold alimsogelea Laurette, sauti chini. Hasira ilikuwa imemtoka, alibaki mvuvi tu, mwenye njaa ya kujua. "Mama Délice. Ile dawa ya Jean-Marie. Alikuachia?"

"Aliniachia."

"Iko wapi?"

"Iko Luberizi," alisema Laurette. "Iko nalima mpunga."

Kuhe mkubwa kuliko wote hakuuzwa. Laurette alimfunga kwa majani ya mgomba, akapanda pikipiki na kwenda mwenyewe, maana alikumbuka sasa kwamba kila mwaka Jean-Marie alimpelekea mama mkwe samaki wa kwanza, na wote walidhani ni heshima tu. Alimkuta mama yake kando ya shamba, matope hadi magotini, mpunga mchanga umesimama nyuma yake kwenye maji safi. Mama alifunua majani, akamwona samaki, akampapasa ubavu wa manjano.

"Nilifikiri mwaka huu sitamuona," alisema. "Nilifikiri amekufa na mukwe wangu."

Laurette alimshika mikono, akamweleza yote, matope, mfereji, mto, macho ya kuhe. Alieleza polepole, kwa sababu mama alikuwa anakunja uso. "Miaka yote ile, Mama, ni weye ulikuwa unamuambia siku. Alikuwa anangoja sauti yako. Wale samaki, mulivua nyinyi wawili."

Mama aliitoa mikono yake, akainama. Kisha alimnyanyua kuhe kwa mikono miwili juu ya kichwa, maji yakamchuruzika usoni yakachanganyika na machozi, akatoka mbio kwenye tuta kati ya mashamba, mwanamke wa miaka sitini na minne mwenye mgongo mbovu.

"Bamama!" alipaza sauti, na wanawake shambani wakainua vichwa. "Bamama, mukuje muone! Muone samaki tumevua!"

Mvua ya kwanza ikaanza kunyesha, na hakuna aliyekimbia kujificha.