Neno "Juu" Kwenye Bomba la Tope

Kulikuwa na mama mmoja mwenye ugonjwa wa usafi: akiona doa, mkono unatangulia, akili inafuata. Wazazi wenzangu, msimcheke. Nusura kitambaa chake kiwaponze wajukuu.

Binti yake alikuwa akisoma tope la pale mto unapoingia baharini. Friji la ofisini likaharibika, akaja nyumbani na bomba la plastiki lililojaa tope, akalilaza kwenye friji la mama, juu ya nyanya.

"Mama, usiliguse. Humo mna majani yaliyooza tangu enzi za bibi wa bibi yako. Yatatuambia kama maji ya chumvi yanakuja au yanaondoka. Kaka asimwage zege kabla sijasema."

Kaka mtu alikuwa na kiwanja cha kujenga nyumba hukohuko mtoni, na watoto wanne wa kulala humo.

Mama akaona alama za vidole kwenye bomba. Akafuta. Kitambaa kikarudi na wino: neno "juu", lililoonyesha ncha yenye tope la karibuni, limekwenda! Akachukua kalamu haraka, akaliandika upya kwenye ncha aliyodhani ndiyo.

Jumamosi binti akalipasua bomba mezani. Ncha moja majani ya matete, mmea wa maji baridi. Ncha ya pili majani ya mikoko, inayopenda chumvi.

"Matete juu, mikoko chini. Chumvi ilikuwepo, imeondoka. Kaka, jenga."

"Si nilisema! Mpaka tope lifanyiwe upasuaji ndiyo mniamini?"

Mama akalitazama lile neno "juu". Kusema ni aibu. Kunyamaza je?

"Wanangu, hilo 'juu' ni mwandiko wangu."

"Mama! Nilikwambia usiguse!"

"Nilipangusa kidogo tu, mwanangu."

"Huyu akiachiwa," kaka akasema, "atapangusa hata bahari."

Binti hakucheka. Aliinama na kibano, akafuata mzizi mmoja wa tete polepole. Shina lake nene lilitokea upande wa mikoko. Nyuzi zake nyembamba zilielekea kule kulikoandikwa "juu".

"Mzizi hauoti kwenda mbinguni," akasema, akaligeuza bomba. Sasa mikoko ikawa juu. "Chumvi haiondoki, kaka. Ndiyo kwanza inakuja."

Kaka akatoa simu. "Fundi, Jumatatu usije. Hapana, hata Jumanne."

Meza ilikuwa imechafuka vibaya. Mama akashika kitambaa, akawatazama wanawe, akakikalia.