Kufuli Lililotiwa Mafuta

Mwenye duka la redio alikuja karakanani kwangu asubuhi, amelibeba kufuli lake kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Fundi, nimeingiliwa."

"Wamechukua nini?"

"Hawajachukua. Wameleta." Akaketi. "Ile redio kubwa iliyoibwa mwaka juzi. Nimeikuta mezani, imefutwa vumbi. Kufuli limefungwa vizuri. Na hili kufuli lilikuwa linanitoa jasho kila siku. Leo ufunguo umeingia kama mwiko kwenye uji."

Nililipokea, nikanusa tundu la ufunguo. Nikamwomba Mungu pua yangu iwe imezeeka.

Mwaka jana, wizi ulipozidi mjini, mkuu wa kituo cha polisi aliitisha mkutano. Alisema vijana wa kona ya soko hawamalizwi kwa virungu. Kila fundi achukue wake, awape kazi ya mikono. Seremala alichukua watano, mimi fundi kufuli nikachukua wanane. Watu walicheka: "Mzee, unamfundisha fisi kufungua zizi?" Sikuwajali. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma nina miaka thelathini, shule ya usiku, na ninajua mtu hubadilika akishika kitu kigumu mpaka akielewe. Wizi ukapungua. Nilijivuna, sikatai.

Sheria yangu ya kwanza ni hii: kufuli halitoki mkononi mwako bila tone la mafuta. Wote wanane hufanya hivyo bila kufikiri. Saba hutumia mafuta ya injini ninayowapa. Wa nane, msichana tunayemwita Bisibisi, huja na mafuta mepesi ya cherehani ya mama yake.

Kufuli lile lilinukia cherehani.

Mchana Afande mkuu wa kituo akaja, shati la kazi limejikunja kama kawaida. Pasi yake iliibwa mwaka juzi huohuo, na kwa kiburi hajanunua nyingine.

"Hii ni ya tatu, Fundi. Saa ya kinyozi, feni ya mwalimu mkuu, sasa redio. Ni mwanafunzi wako."

"Mwizi gani anarudisha, Afande?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Kuingia kwa mtu bila ruhusa ni kosa, hata ukiingia na zawadi. Wenye maduka wamenikaba koo. Nipe jina kabla ya Ijumaa, la sivyo darasa nalifunga."

Wanane warudi kona, au mmoja aende rumande. Nilifungua kamusi yangu nikatafuta neno mwizi. Inamjua anayechukua tu. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kufuli halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niliona fahari, nikajionea haya, kisha nikaona fahari tena.

Jumatano wenzake walipoondoka, nikamzuia Bisibisi.

"Mjukuu wangu, redio ilirudije?"

Hakuinua macho kutoka kwenye tupa. "Niliichukua mwaka juzi, babu, kwa kuvunja. Sasa najua kufungua."

"Kwa nini usigonge?"

"Nikigonga wataniuliza."

"Kimebaki nini?"

"Pasi."

Nikakaa chini. Sikuuliza ya nani.

"Mlango wake una kitasa kigumu," akasema. "Nilitaka nikuulize."

Alhamisi saa kumi, jua linawaka, tulikwenda wawili nyumbani kwa Afande, pasi imefungwa kwenye gazeti. Mlangoni Bisibisi aliinama kuchungulia tundu la kitasa. Nikamshika kiwiko, nikamkunja vidole ngumi. "Hivi." Akagonga mara moja, taratibu mno, akanitazama kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaiba.

Afande alifungua akiwa na fulana. Akaitazama pasi, akamtazama msichana, akanitazama mimi.

"Waya nimebadilisha," Bisibisi akasema. "Ulikuwa umechubuka."

"Jina nimelileta," nikasema. "Hili hapa, limesimama mbele yako."

"Nani kakwambia ubadilishe waya?" Afande akamuuliza, kana kwamba hilo ndilo kosa lenyewe. Kisha akaichukua pasi, akaingia ndani. Tukabaki hapo nje, hatujui kama tumeruhusiwa kuondoka.

Ijumaa alikuja darasani, shati limenyooka. Hakuja na pingu, wala hakutamka msamaha. Alimwambia Bisibisi awe anafika kituoni kila Jumatatu, basi. Darasa hajalifunga, wala hajasema litaendelea.

Sasa ni mwezi wa pili Bisibisi anakwenda. Nilimuuliza Afande kama ile ni adhabu au kazi; akasema bado anafikiri. Nilimuuliza Bisibisi, akasema vitasa vya mahabusu vina kutu sana.

Jana mwenye duka la redio alipita tena. Alizungukazunguka, akashika hiki, akaweka kile, mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kama yule mtu aliyeingia kwake angeweza kuingia mara moja tena, maana mlango wa nyuma nao umeanza kukwama.