Shavu la Mguu wa Kushoto

Kusema kweli, wifi yangu sikumpenda. Aliolewa na kaka yangu miaka sita iliyopita, anafanya kazi maabara ya hospitali, na mimi ndiye niliyembandika jina la Chupa, kwa sababu kutwa anahangaika na vichupa vya damu. Akija kwetu anakutazama kucha na macho kabla hata hajakusalimia. "Wifi, leo hatuumwi," namwambia, "kaa tule."

Nina karakana ya ushonaji yenye mafundi watano, na mdomo wangu ni mkali, sijifichi. Siku zile tulikuwa na majoho mia mbili ya mahafali. Mdogo wangu, ambaye ndiye mkono wangu wa kulia, alikaa kwenye cherehani siku tisa. Maji hanywi ili asipoteze muda kwenda chooni, na usiku usingizi haumjii. Nilikuwa nimemwambia mbele ya wenzake, "Ukiniangusha safari hii, mimi na wewe basi." Aliinamisha kichwa, akaendelea kushona.

Siku ya kumi, saa sita mchana, akashika shavu la mguu wa kushoto.

"Dada, mguu umekaza."

Sisi wa cherehani za kukanyaga, mguu ukikaza tunaukanda: mafuta, kitambaa cha moto, kisha vidole gumba mpaka mtu apige kelele. Mikono yangu inasifika kwa kazi hiyo. Nikapiga magoti, nikamimina mafuta.

"Wifi, acha! Usimguse!"

Chupa alikuwa mlangoni, amefuata koti lake alilotuletea tulishone.

"Hapa si maabara," nikamfokea.

Alivuta futi iliyokuwa shingoni mwangu, akapima shavu la mguu wa kulia: sentimita thelathini na nne. La kushoto: thelathini na nane, tena lilikuwa la moto. Mimi, fundi mzima, napima viuno vya watu kila siku, na hilo sikuliona.

"Unapumua vizuri?" akamuuliza.

"Kifua kinabana kidogo, tangu asubuhi."

"Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mkilikanda, bonge la damu linaweza kukatika likapanda mapafuni. Asitembee. Mbebeni na kiti chake, twendeni hospitali."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mafundi wangu, ambao hawasogei mpaka niwafokee mara tatu, walimtii papo hapo. Nilijishangaa nikibeba mguu wa kiti kama wao.

Hospitali, picha zilionyesha bonge nyuma ya goti, na kipande kidogo kimeshafika pafuni. Akachomwa sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda. Daktari alisema tumewahi.

Tukiwa tunasubiri kwenye benchi, nikamuuliza wifi, "Ni kukaa tu ndiko kulikomfanya hivi?"

"Kukaa muda mrefu, na kukosa maji. Hofu nayo inachangia. Mtu akiogopa, mwili unajiandaa kuumizwa, damu inakuwa tayari kuganda upesi, ili akikatwa asivuje sana. Ni kinga nzuri sana, wifi. Ila mwili haujui kama anayekuja ana panga au anadai majoho."

"Anayedai majoho ni mimi."

"Sijasema hivyo."

Angeweza kusema. Baada ya miaka sita ya kejeli zangu, alikuwa na haki ya kunisema mpaka nikome. Alininunulia chai, akakaa nami. Nilimstahi siku ile kuliko nilivyowahi kumstahi mtu yeyote, na nikaona aibu.

Jioni tukaruhusiwa kuingia. Kando ya kitanda kulikuwa na mashine inayoonyesha mapigo ya moyo: themanini na mbili. Mdogo wangu akageuza kichwa, akaniona. Tisini na tisa. Mia na kumi na mbili.

"Dada, yamebaki kumi na nane tu. Nikitoka nitamalizia, usikasirike."

Nilitamani kumkumbatia. Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

"Wifi, ingia wewe kwanza."

Chupa akaketi, akamshika mkono. Nikiwa nje, nikichungulia kwenye kioo cha mlango, niliziona namba zikishuka.