Kosa Alilolisahihisha Marhoon

Marhoon bin Thani aliingia Maskati mwaka 1966 na fahari moja: Unguja nzima hakuna karani aliyemshinda kwa taipu. Baada ya mapinduzi aliwatumikia watawala wapya, akipiga chapa orodha za Waarabu wenzake wa kuchukuliwa na kuuliwa. Walimwacha hai kwa kuwa hawakupata mwengine wa kazi hiyo, naye akajiaminisha kuwa haui mtu, anapanga herufi tu. Tena anazipanga vizuri! Wauaji wenyewe walimsifu, na yeye, mpumbavu, akaona haya kama bi harusi.

Huko Matrah, mji wa jirani na Maskati, Marhoon alikaa barazani kwa binamu yake, akiwaandikia watu barua. Mwaka 1970, nchi ilipopata mtawala mpya ikaanza kufunguka, akaja Nasriya, mama mtu mzima aliyewasili juzi kutoka Unguja.

"Mwanangu, nataka barua ya kumuulizia ndugu yangu, Harub bin Bakhit. Kwanza walikuja wakimtaka Harith bin Bakhit. Tukawaambia hapa hapana Harith, wakenda zao. Siku ya tatu wakarudi na karatasi nyengine. Jina sawasawa. Wakamchukua."

Kalamu ikasimama. Harub alikuwa akinunua mkate duka moja na Marhoon. Hakuna aliyemwamuru Marhoon, kosa la jina katika orodha aliliona mwenyewe, likamkera, akalipeleka kwa mkubwa wake mbio mbio kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Akasifiwa.

"Mama, aliyelisahihisha jina ni mie."

Nasriya akauliza: "Kwa nini?"

Marhoon akatafuta jibu la kiungwana: hofu, bunduki, watoto. Hata watoto hakuwa nao.

"Lilikuwa limekosewa," akasema, akajisikia alivyo kichekesho.

"Unayakumbuka na majina mengine?"

"Yote. Na siku zao za kuuliwa."

"Basi andika. Na jina lako weka chini."

Aliandika mpaka laasiri. Nasriya akaichukua karatasi, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba.

Wiki ile ile binamu akamtoa nyumbani kwake. Alikohamia watu walimfuata, wengine kumtemea mate, wengine kuuliza siku tu, wapate kuwasomea khitma watu wao. Aliwajibu wote, mmoja mmoja. Ofisi mpya za serikali zilipotangaza kutaka makarani, Marhoon hakwenda.