Pumzi ya Landrova

Paskalia aliusikia mlio wa Landrova kabla ya wenzake, akaacha kupalilia. Gari lile alilijua hata kwa kikohozi chake. Ni la mzungu mmoja mtafuta dhahabu, na dereva wake ni Theonest.

Wanakijiji walikuwa wamekuja kumlimia Paskalia, ambaye sasa ni mjane, shamba lake la pamba, kando ya kivuko, upande wa kwenda Bugarama. Ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Gari likateremka kivukoni, likaingia kwenye maji yasiyofika hata magotini, likafika katikati. Kho, kho, kho. Kimya.

"Limekufa," akasema Januari, mkuu wa vijana wa kulima.

"Halijafa," Paskalia akamjibu. "Limekosa pumzi."

Ugonjwa ule aliujua kwa sababu ulitibiwa uani kwake. Kiangazi kilichopita Theonest alikuja kwa Kalisti, mumewe Paskalia, fundi aliyejifunza magari jeshini, vitani. Gari linakwenda kidogo linazima, likipumzika linawaka, kisha linazima tena. Kalisti akalala chini yake na kuchokoa kimrija kinachoning'inia kutoka kwenye tangi la petroli. Likatoka donge la udongo mkavu, gumu kama jino la mtu mzima.

"Tangi nalo linapumua, mama Bujiku," alimwambia mkewe, maana alipenda kumweleza kila kitu. "Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Ukiziba hapa, petroli inagoma kutoka. Wewe jaribu kumimina uji kutoka kwenye kibuyu chenye tundu dogo moja tu."

Kuzibua hakukumtosha. Udongo mweusi wa mbuga zetu ungerudi kuziba mvua ya kwanza tu. Akaunga mrija mrefu wa shaba, akaupandisha juu nyuma ya kiti, maji na tope visipofika. Akaukunja kichwa kama bakora ili mdomo utazame chini, akaufunga kwa kitambaa chepesi cha kuchuja vumbi. Gari likaenda mpaka Geita na kurudi bila kukohoa.

Ila madereva wa Kahama walimcheka Theonest, ati gari lake limeota mkia mgongoni. Naye ni mtu wa kupenda kutazamwa. Siku moja akapita pale uani, akaung'oa mrija na kuutupa miguuni pa Kalisti. "Chukua bakora yako, mzee. Utaihitaji ukizeeka."

Kalisti hakuzeeka. Nyoka moma alimgonga shambani, mguu ukavimba ukawa kama gogo. Paskalia na Januari wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Landrova ikatokea, tupu, inaelekea Kahama kwenye hospitali. Paskalia akasimama katikati ya njia.

"Baba, tusaidie. Ni Kalisti, fundi wako."

Theonest hakuzima hata gari. "Hili si gari la wagonjwa, wee mama. Atanichafulia viti. Ngojeni gari jingine."

Akawazunguka, akawaachia vumbi. Gari jingine halikuja. Kalisti alikata roho pale pale kwenye machela, vumbi lile likiwa bado kwenye kope zake.

Kijiji kikamwita Theonest aje aseme kosa lake mbele ya watu. Akatuma jibu kwamba yeye hahukumiwi na wachunga ng'ombe. Basi wakamtenga, kama tunavyotenga huku: asipewe moto, asipewe maji, asisukumiwe gari, salamu yake isiitikiwe. Paskalia akauokota ule mrija, akaunyosha juu ya jiwe, akawa anapulizia moto jikoni. Kila asubuhi akipuliza, anamtaja Theonest kwa jina.

Na sasa huyu hapa.

Theonest alifungua boneti, akafuta plagi, akapuliza kabureta, akazungusha hendeli mpaka shati likamganda. Gari likawaka, likasogea hatua chache, likazima. Akapiga kelele: "Vijana! Njooni msukume, nina sigara!"

Januari akabadilisha wimbo. Vijana wakaitikia kwa majembe:

"Gari la viti safi, limekaa majini!
Mwenye gari anaoga, nani amletee sabuni?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Paskalia hakucheka. Alikuwa anatazama juu, upande wa milima, ambako mbingu ilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Maji ya kivukoni yalikuwa yameanza kubadilika rangi.

Theonest naye akayaona. Akatoka mbio, akapanda ukingo, akaja kusimama mbele ya Paskalia.

"Shikamoo, mama."

Ngoma ikanyamaza. Shikamoo isiyojibiwa ni jambo zito, watu wanainamisha macho. Paskalia akaendelea kukung'uta jembe lake.

"Mama Bujiku, maji yanakuja. Gari likienda, kazi yangu imekwenda. Wewe unajua alichofanya mumeo. Niambie!"

"Sema kwanza."

"Niseme nini? Nilikuwa kazini!"

"Haya, rudi kazini."

Akarudi. Akazungusha hendeli, akatukana, akazungusha tena. Maji yakafika nusu ya magurudumu. Paskalia hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anayatazama maji. Kalisti alimwambia zamani: maji yakifika feni, feni inayamwaga kwenye injini nzima, gari ndiyo basi.

Theonest akapiga magoti ukingoni, kwenye tope.

"Nilimwacha!" akalia. "Kalisti alinitengenezea gari, nami nilimwacha barabarani na moma mguuni, kwa ajili ya viti! Mmesikia? Nilimwacha!"

"Tumesikia," akasema Januari, akamgeukia Paskalia. "Mayu, mama yetu, amesema."

"Nimesikia."

Akaweka jembe chini taratibu. Akakunja khanga, akaingia majini, polepole kama mtu anayekwenda kuchota. Theonest akamfuata. Paskalia akainua kiti cha dereva, kile kiti kisichotakiwa kuchafuliwa. Chini yake kulikuwa na mfuniko wa tangi. Akaulegeza.

Fyuuuu! Tangi likavuta hewa kama mtoto aliyelia sana.

Theonest akachungulia mfuniko. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ulikuwa umeikalia."

Akarukia kiti, akawasha. Injini ikanguruma, nzuri, yenye nguvu, na feni ikayanyanyua maji yaliyokuwa yamekwisha kuifikia, ikayamwaga kila mahali. Chsss. Kimya. Akazungusha hendeli. Kimya.

"Mama! Mama Bujiku! Halishiki!"

Paskalia alikuwa amekwisha fika ukingoni. Sauti ya maji makubwa ilisikika kwenye kona ya mto. Alimnyoshea Theonest mkono, akamvuta nje, maana hakutaka mtu afie mtoni. Wakasimama wote wakaitazama Landrova ikiinuka, ikigeuka ubavu, ikienda na viti vyake.

Theonest akaketi chini. "Sasa nitafikaje Geita?"

Paskalia akaokota jembe lake, akalifuta tope.

"Ngoja gari jingine," akasema, akashika njia ya nyumbani kupuliza moto.